Makaa Yalipata Njia Kabla ya Watu

Kandara, Jeddah

Kwako Wakesho, mwanangu mwenye jina la mama yangu,

Kaa chini, sogeza taa karibu. Hakuna aliyekufa. Mimi ni mzima, tumbo ndilo limezidi kidogo, na nywele za mbele zimeamua kuondoka bila kumwomba kafili, mwajiri wangu, ruhusa, jambo ambalo mwenye kichwa hajaliweza mpaka leo.

Barua hii utaisoma kwenye simu ya mama yako, karatasi moja moja, kwa sababu Otieno ndiye atakayezipiga picha na kuzituma. Otieno ni mlinzi wa duka la mazulia, mtu wa Kisumu, na kila ninapoletwa Jeddah hunipa nafasi katika chumba chake hapa Kandara, juu ya duka la mabegi. Ameniona nimeinama tangu alasiri akaniuliza, "Meneja, unaandika wosia?" Nikamwambia naandikia dereva wa treni. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe dereva wa treni umemjulia wapi?" Nikasema namjua tangu akiwa na mafua ya utotoni, na nguo zake nimefua.

Ningepiga simu, lakini unanijua kwenye simu. Nikisikia sauti yako tu, ulimi wangu unavaa suti. Naanza kusema barabara za Riyadh ni pana kama uwanja wa ndege, gari ninaloendesha lina friji ndani, Wazungu wananiita kwa jina. Yote kweli, na bado ni uongo, kwa sababu sehemu iliyobaki sikuwahi kukuambia. Karatasi haina wa kumchekesha. Hapa nitasema polepole.

Kesho asubuhi utasimama steji ya Voi na sanduku lako. Upande mmoja wa barabara litakuja basi la Mombasa: huko kuna ajenti, kuna viza, kuna ndege, na mwisho wa ndege kuna jiko la Madam wangu. Upande wa pili litakuja basi la Nairobi: huko kuna chuo kilichokuchagua katikati ya wasichana wengi, wakufundishe kuendesha treni ya reli mpya. Juzi uliniambia umeshaamua. "Baba, mimi naingia, wewe utoke. Miaka miwili ni nini? Treni zitakuwepo." Ulisema kwa sauti nyepesi, kama mtu anayekubali kuosha vyombo vya zamu ya dada yake. Mimi ninayejulikana kwa maneno kutoka Kandara mpaka Batha kule Riyadh, nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri.

Basi sikuandikii namna ya kukunja nguo, wala ule nini njiani. Mama yako yupo kwa hayo, na ukimwachia nafasi atakufungia hata jiwe la kusagia. Mimi nataka nikusimulie habari za reli.

Unajua kwamba kafili wangu, Abu Fahad, ana ofisi ndogo Riyadh ya kukodisha magari pamoja na madereva. Asubuhi nampeleka mgeni kazini kwake. Jioni na Ijumaa mimi ni wa familia: shule, soko, hospitali, na watoto wakifunga shule nawateremsha mpaka huku Jeddah kwa mama yake Madam, mke wa Abu Fahad, barabara ndefu ya jangwa, wadogo wanatapika kwa zamu. Kwa muda mrefu mgeni wangu wa asubuhi alikuwa Mskoti mmoja mzee, mhandisi wa reli, aliyekuja kwa ajili ya treni ya mjini wanayoijenga Riyadh. Mimi nilimwita Mista Dagi, naye mwishowe akachoka kunirekebisha. Mtu mfupi, uso mwekundu kama aliyetoka kuzabwa kofi, kofia ngumu ya kazini kichwani hata ndani ya gari.

Riyadh siku hizo imechimbuliwa kila mahali, njia zimezibwa, foleni haiendi. Tunakaa tu, kiyoyozi kinavuma. Watu wawili wakikaa kwenye gari lisilokwenda, mwishowe watasimuliana walikozaliwa. Mimi nilimsimulia Voi. Nilimweleza babu yako na nyundo yake, akitembea juu ya mataruma kila asubuhi kukaza reli, na nikamwambia kwamba babangu alikuwa mkuu wa reli nzima ya Pwani.

"Mkuu, na nyundo mkononi?" Dagi akaniuliza.

Nikamwambia kwetu wakuu hufanya kazi.

Yeye alizaliwa Uskoti, sehemu inayoitwa Fife, nchi ya makaa ya mawe. Si makaa yetu ya gunia ya kuchomea mahindi. Haya ni mawe meusi yanayotolewa chini kabisa ya ardhi, na zamani hizo ndiyo yaliyoendesha viwanda vya Waingereza na kupasha nyumba zao joto. Shida ya makaa hayo, alisema, ni uzito. Ukiyachimba na huwezi kuyafikisha bandarini, umechimba shimo tu. Kwa hiyo wenye migodi wakatandika reli, na za kwanza zilikuwa za mbao, mwanangu, mbao hivi kama za paa, farasi akivuta kigari kutoka mgodini mpaka pwani. Mbao zikioza wanang'oa, wanapigilia nyingine. Baadaye wakazivisha chuma, kisha zikawa chuma tupu, kisha injini za mvuke zikaja, farasi wakastaafu. Kila tajiri alitaka reli yake na bandari yake, mpaka mabonde yakafumwa reli kama mkeka, njia mbili zikienda mahali pamoja kwa sababu wenyewe hawasalimiani. Nikamwambia hilo nalielewa vizuri, hata sisi mtaani kwetu tuna makanisa mawili ukuta kwa ukuta.

Kuna kitu kimoja alinichorea nyuma ya risiti ya petroli. Palipokuwa na mteremko mkali hawakutumia farasi wala injini. Walifunga kamba ikizunguka gurudumu kubwa juu ya kilima. Upande mmoja wa kamba, mabehewa yaliyojaa makaa. Upande wa pili, mabehewa matupu. Yaliyojaa yakishuka kwa uzito wake, yanayavuta matupu kupanda. Hakuna mafuta, hakuna moshi, ni mtu wa breki tu. Nikasifu sana. Nikasema hawa watu walikuwa na akili, kitu kizito hivyo kinapanda bure.

Dagi akaniangalia juu ya miwani. "Hakipandi bure. Kuna kingine kinashuka."

Neno hilo nililitia mfukoni, sikujua la kazi gani.

Lakini lililonikaa zaidi ni jingine. Reli zote hizo hazikutandikwa kwa ajili ya watu. Miaka na miaka makaa yalisafiri kila siku, yakaona bahari, yakapanda meli, yakafika nchi ambazo mchimbaji hazijui hata kwa jina, na yeye aliyeyachimba amebaki pale pale. Behewa la abiria lilikuja baadaye, likafungwa nyuma kama mtu aliyeomba lifti. "Makaa yalipata njia kabla ya watu," Dagi alisema. Siku hiyo tulikuwa tumekwama kando ya shimo la stesheni mpya, na mbele yetu kulikuwa na lori refu la mafuta. Nililiangalia lile lori mpaka likahama. Mafuta ya nchi hii yanafika Voi, mwanangu. Pikipiki ya mjomba wako huenda inayanywa sasa hivi. Mimi niliyekuja hapa na miguu yangu miwili siwezi kuvuka hata kwenda Bahrain kununua soksi.

Hapa ndipo ilipo sehemu iliyobaki.

Nilipofika Riyadh, Abu Fahad alinyosha mkono nikampa pasipoti kwa furaha, tena nikampigia saluti. Nilidhani ni kama kuacha kitambulisho langoni, ukitoka unakichukua. Nikapewa ikama, ile kadi ya kuishi hapa, nikajiona mtu. Kumbe kutoka kuna ruhusa yake, wanaiita huruj, na anayeiomba huruj ni kafili, si wewe. Mkataba wangu uliisha kitambo. Kila nikimwambia, "Baba, nataka kwenda nyumbani," anajibu inshallah kwa upole kabisa. Si mtu mbaya. Akinikuta sijala atanisogezea sahani yake. Lakini pasipoti iko kwenye kabati la chuma ofisini kwake, chini ya picha ya farasi wake, na ule upole ni mlango usio na kitasa upande wangu.

Ndiyo maana sikuja ulipomaliza shule. Ndiyo maana sikuja kumzika bibi yako, mama yangu mwenyewe, ambaye jina lake umelibeba. Niliwaambia nimepandishwa cheo na kazi haiachiki. Siku ya mazishi nilimpeleka Dagi kazini, nikarudi, nikaosha gari lililokuwa safi. Nikamaliza, nikaliosha tena.

Sasa tuje kwenye herini.

Msichana wa kazi wa Madam alimaliza muda wake akarudi kwao, Madam akabaki peke yake na watoto. Mimi niko jikoni nasubiri orodha ya soko, nikafungua huu mdomo. Nikamwambia nina binti. Nikasema anapika pilau ya kunukia mpaka barabarani, anaongea Kiingereza kama redio, ana heshima, na akifungua baiskeli yote chini anairudisha bila skrubu kubaki. Nilikuwa najisifu tu, mama yangu. Baba hujisifia mtoto vile Otieno anavyojisifia timu yake ya mpira, na haijawahi kushinda. Sikujua kuna mtu ananunua.

Baada ya siku chache Madam akanipa boksi zuri lenye utepe. "Hii ya Wakesho," akasema, na jina akalitamka vizuri. Manukato, abaya mpya, na hizo herini za dhahabu. Unajua kwetu ulivyolelewa. Zawadi hairudishwi. Ukiletewa hata yai unalipokea kwa mikono miwili, na chombo hakirudi kitupu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikainama, nikamwombea Mungu amzidishie. Mwenzetu wa Mombasa alikuwa anarudi, nikampa akuletee. Ukanitumia picha umezivaa, shingo umeigeuza hivi, zinang'aa. Nikaizungusha picha Batha nzima, mpaka kinyozi akaniomba nimwache anyoe watu.

Haukupita muda Abu Fahad akaniita ofisini, ana furaha. "Yalla, mambo tayari. Binti yako anakuja kwa Madam, nawe nakupa huruj. Mtu akitoka, mtu aingie."

Nikacheka nikidhani ni utani.

"Si mmeshapokea?" akaniuliza.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Sikusema. Neno huruj liliniingia masikioni kama maji ya baridi, nikaona mlango wetu wa mabati, nikaona mama yako anakuja kutoka kisimani. Jioni nikakupigia nikakuambia kuna mpango. Nikausema vizuri. Nikausema vizuri sana, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua, na wewe ukakubali kabla sijamaliza. Sijawahi kuuza kitu haraka hivyo, na sikuwahi kukuambia kwamba mnunuzi alishalipa.

Wiki ile ile Mista Dagi alimaliza kazi yake. Nikampeleka uwanja wa ndege, na njiani nikamwambia kwa furaha kwamba nami naenda nyumbani, binti yangu anakuja kushika nafasi, tena ameshapewa dhahabu. Nilitegemea anipongeze. Tukapita mataa, tukapita mengine.

Kisha akaniambia kwamba kwao, zamani kabla reli hazijaenea, sheria iliwafunga wachimbaji kwa mgodi. Ukiingia kuchimba makaa, hutoki. Mgodi ukiuzwa, nawe umo, pamoja na ngazi na ndoo. Ukitoroka unarudishwa. Nikamuuliza, na watoto je? Akasema watoto walichukuliwa kwa zawadi. Mtoto akibatizwa, mwenye mgodi aliwapa wazazi kitu kidogo, sarafu za kufurahia siku. Wazazi wakipokea, basi, yule mtoto ni wa mgodi maisha yake yote. Hakuna aliyefokewa, hakuna aliyevutwa mkono. Watu walikula, wakanywa, wakashukuru.

"Mmoja wa mababu zangu alichukuliwa hivyo," Dagi akasema. "Siku ya sherehe yake mwenyewe, akiwa amelala."

Nikamwambia Madam si mtu wa namna hiyo.

"Nakuamini," akasema. "Labda na mwenye mgodi alipenda watoto."

Tulipofika nikashusha mizigo yake. Akawa hataki kuingia ndani. Akanisimulia jinsi yeye alivyoondoka kwao. Sheria ile ilikuwa imekufa zamani, watu walikuwa wanapanda treni kama kawaida, hata kulikuwa na treni za kuwapeleka wachimbaji kazini na za kwenda mpirani. Yeye alikuwa kijana, amepata nafasi ya kujifunza uhandisi mjini. Mama yake akaja stesheni. Baba yake alikuwa zamu, chini ya ardhi, hakupewa ruhusa. Treni ikapiga filimbi ikaondoka, na yule mzee huko chini hakusikia hata filimbi. Jioni alipopanda juu, mtoto ameshafika mbali. Siku hizi migodi imefungwa, reli imeng'olewa, na pale ilipopita dada yake Dagi anatembeza mbwa.

"Alijuta kwamba hukubaki?" nikamuuliza.

"Alijuta kwamba hakusikia filimbi," akasema.

Kisha akatoa pasipoti kutoka mfuko wa koti lake, kama mtu anayetoa leso, akanishika mkono, akaingia. Aibu kusema, lakini ile pasipoti niliiangalia kuliko nilivyomwangalia mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilikuwa nazunguka na neno mdomoni kama tembe chungu. Tukateremka Jeddah na familia, watoto wakatapika, sikuwatania hata mmoja, mpaka Madam akaniuliza kama naumwa. Leo baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa mama yake, nikasimama kwenye mlango wa jiko.

"Baba," nikamwambia Abu Fahad, "binti mafi." Yaani hakuna binti.

"Mafi vipi? Viza imeshatoka, iko kwa ajenti."

"Haji, baba. Ana kazi nyumbani."

"Kazi gani?"

"Ya kuendesha treni."

Akamwangalia Madam, Madam akaniangalia mimi. Hawa watu wamezoea maneno yangu, walikuwa wanangoja sehemu ya kuchekesha.

"Msichana?" Madam akauliza. "Aendeshe treni yenyewe?"

"Kichwa chenyewe, madam. Na mabehewa yote yanamfuata."

Huyu ni mama ambaye hata duka la jirani nampeleka mimi. Aliangalia dirishani kidogo, akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho sikukisikia, na sikuthubutu kuuliza.

Abu Fahad akakunja leso yake ya mezani polepole. "Mimi sikulazimishi," akasema. "Lakini mtu akitoka, mtu aingie. Bila binti, huruj mafi."

"Najua, baba."

"Unajua? Halas, yamekwisha?"

"Halas."

"Na herini?" Madam akauliza.

"Zitarudi, madam. Aliyepokea ni mimi. Mtoto hakuwemo kwenye boksi."

Hakucheka. "Nilikuwa nimemtengenezea chumba," akasema, na nikaona amehuzunika kweli, na hilo likaniuma kuliko angenifokea. Abu Fahad akaniambia nikajaze mafuta. Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa upole wake ule ule, "Viza naiacha palepale. Huenda binti ana akili kuliko baba. Atajichagulia."

Nikajaza mafuta. Kadi ya benki nikaiingiza kichwa chini miguu juu. Kijana wa petroli akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, nimetoa.

Ndiyo maana naandika, Wakesho. Ile viza ipo. Basi la Mombasa litasimama, kondakta ataita, na wewe una moyo wa kupanda. Mimi sina namna ya kukushika kanzu kutoka hapa. Nina hizi karatasi tu.

Nifikirie kama lile behewa tupu. Wewe umejaa: umesoma mahali nilipoachia mimi, umepita mtihani ambao mimi nisingeweza kusoma hata maagizo yake. Kamba ni moja. Ukishuka wewe, mimi nitapanda, hilo kweli kabisa, nitafika juu, mama yako atanichinjia jogoo, majirani watakuja kusikia habari za friji ndani ya gari. Halafu wageni wataondoka, nami nitakaa pale nje kwenye kiti changu, na kila jioni nitajua ni nini kilishuka ili nikae. Sitakuwa nimetoka, mama. Nitakuwa nimehamishia kabati la chuma kifuani kwangu.

Na usidhani nafanya ushujaa. Naogopa. Asubuhi nikiamka kabla sijakumbuka niko wapi, huwa nadhani nasikia kuku wetu. Kisha nasikia kiyoyozi. Otieno ananiambia kuna watu ubalozini wanaosikiliza kesi za namna hii, twende pamoja siku yake ya mapumziko. Tutaenda. Nitaongea mpaka wanipe huruj au wanipe kazi. Wewe usikae unaningoja dirishani, maisha yako yana safari.

Nikuombe mambo machache, na si ya kukunja nguo. Vua hizo herini leo, mpe mama yako. Yule mama wa Mombasa aliyewahi kutuletea tende anakuja umra, atazirudisha, na boksi lisije tupu: mama yako atie korosho, Madam anazipenda. Sitaki tuonekane hatuna adabu. Nataka tu tuonekane hatuuzwi. Na huko uendako, mtu akikuletea kitu kizuri kwa mikono miwili, wewe mpe kiti, mpe maji, halafu muulize anataka nini. Asiyetaka kitu hatakasirika kuulizwa. Mimi sikuuliza kwa sababu niliona ni utovu wa adabu, na pia, nikwambie ukweli, kwa sababu dhahabu ilikuwa inang'aa. Vyeti vyako kaa navyo mwenyewe. Mkuu wa chuo akivitaka avione, avione ukiwa umesimama hapo.

Ukijisifu, na utajisifu, kwa sababu damu ni hii, jisifie vitu vyako. Watu wako wafiche kidogo.

Otieno amechoka kungoja. Anasema hizi si karatasi tena, ni gazeti, na chaji ya simu yake inaisha. Amesoma ya mwisho juu ya bega langu, sasa anaifuta kamera ya simu kwa ncha ya shati. Basi nimalize.

Reli mpya inapita Voi. Siku moja watakuruhusu kukaa mbele, kwanza ukiwa na mwalimu, halafu wewe. Siku hiyo mwambie mama yako saa ya kupita. Atoke nje na simu, anipigie, aiinue juu kabisa. Ukikaribia kwetu, piga honi, ndefu. Mimi nitakuwa ndani ya gari mahali fulani Riyadh, foleni haiendi. Nitaongeza sauti mpaka mwisho, nifungue vioo vyote, joto liingie, na dereva wa gari la jirani akiniuliza kelele gani hiyo, nitamweleza. Hapo nitajisifu, mwanangu, na hakutakuwa na sehemu iliyobaki.

Kesho simama upande wa Nairobi.

Ni mimi baba yako,
Mwakio wa Voi, meneja wa gari moja